Dhahabu ya Geita inaingia jikoni kwa mlango gani?

Namba mbili zinatosha kuanzisha ugomvi kuhusu Geita. Mwaka 2023 mgodi wa Geita Gold Mining Limited (GGML), mali ya AngloGold Ashanti, ulizalisha karibu wakia 485,000 za dhahabu, kiasi ambacho hakuna mgodi mwingine nchini uliokifikia. Kwa upande mwingine, Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 uliuweka mkoa huohuo kundi moja na Rukwa na Simiyu, mkiani mwa orodha ya Tanzania Bara. Zaidi ya theluthi moja ya wakazi wake walikuwa chini ya mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi, ilhali wastani wa Bara ulikuwa asilimia 26.4 na Dar es Salaam asilimia 8 tu. Mstari wenyewe ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Si mstari wa kujivunia hata kwa anayeuvuka.

Ukiziweka namba hizo kwenye sentensi moja umeshapata hotuba ya mkutano wa hadhara, na hotuba hiyo imetolewa mara nyingi: wamechukua dhahabu, wametuachia mashimo. Wanaojibu nao wana hotuba yao. Wanakwambia nenda Katoro, mji wa biashara mkoani humo, ukahesabu maghorofa, nenda soko la dhahabu uone vijana wanavyoondoka na mamilioni mifukoni, kisha urudi useme Geita haijanufaika. Nimezisikiliza hotuba zote mbili kwa muda mrefu, na kila moja ina ukweli ambao mwenye hotuba ya pili hataki kuugusa. Ninachokiona kukosekana kote kuwili ni swali dogo zaidi: fedha ya dhahabu ikiingia ndani ya kaya ya kawaida ya Geita inaingia kwa njia ipi, na inafika mikononi mwa nani?

Tuanze na wanaolalamika, kwa sababu hoja yao ina mizizi ya zamani. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu enzi za ukoloni, na mgodi wa wakati huo ulifungwa mwaka 1966. Uliofuata, huu wa sasa, ulianza uzalishaji mwaka 2000, katika kipindi ambacho serikali ilikuwa inawabembeleza wawekezaji wa madini kwa mikataba yenye misamaha mingi. Kwa miaka mingi halmashauri haikulipwa ushuru wa huduma kwa asilimia kama sheria ya fedha za serikali za mitaa inavyotaka. Mikataba iliweka dola 200,000 kwa mwaka, bei ya jumla, iwe mgodi umechimba kidogo au kingi. Ni hadi mwaka 2014 ndipo asilimia 0.3 ya mapato ghafi ilipoanza kulipwa. Mtu akikumbuka kwamba katika miaka hiyo bei ya dhahabu duniani ilipanda kutoka chini ya dola 300 kwa wakia hadi zaidi ya 1,500, ataelewa kwa nini wazee wa Geita wakisikia neno "mwekezaji" hukunja uso.

Halafu kuna ardhi. Eneo la leseni ya mgodi lilikuta watu wanalima na kuishi. Mwaka 2007 kaya kadhaa za Mtakuja ziliondolewa kwa nguvu baada ya kesi, zikaishia kwenye mahema na vibanda pembezoni mwa mji wa Geita, na baadhi zilikaa hapo kwa miaka. Katika mitaa ya Nyamalembo na Katoma mgogoro wa bikoni (alama za mpaka) umedumu kiasi kwamba watoto waliozaliwa ukiwa moto sasa ni wazazi: nyumba zimo ndani ya mipaka ya leseni, mwenye nyumba hawezi kuendeleza, fidia haieleweki. Familia iliyopoteza ekari nne za mihogo na mahindi haikupoteza mazao tu. Ilipoteza sehemu ya kumgawia kijana anapooa, na kwa Wasukuma, ambao ndio wengi huku, hilo ni jambo la ukoo mzima.

Ajira nazo ni chache kuliko watu wanavyodhani. Mgodi wa kisasa ni mashine. Wafanyakazi wake pamoja na wa makandarasi ni maelfu machache katika mkoa wenye watu karibu milioni tatu, na ingawa walio wengi mno ni Watanzania, mwendesha mtambo wa chini ya ardhi au mjiolojia hapatikani kirahisi kijijini Nyang'hwale. Anatoka Mwanza, Dar es Salaam, Arusha. Mshahara wake mzuri unapangisha nyumba Geita mjini na kununua nyama Geita mjini, lakini ada za shule, kiwanja na gari vinalipiwa kwingine. Daraja la Kigongo–Busisi, kilomita tatu juu ya Ghuba ya Mwanza, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa foleni za kivuko. Nadhani litafanya biashara nyingi ziende kasi. Litafanya pia iwe rahisi zaidi kwa mshahara wa Geita kutumika Mwanza, na hilo sijalisikia likisemwa kwenye sherehe.

Hapo ndipo wengi wanapofikia hitimisho kwamba tatizo ni mgao: mgodi ukilipa zaidi, kaya zitatajirika. Mimi hapo tunaachana. Chukua karatasi tupige hesabu. Wakia 485,000 kwa bei ya wastani ya mwaka 2023, karibu dola 1,940, ni takriban dola milioni 940. Asilimia 0.3 yake ni dola milioni 2.8, yaani kati ya shilingi bilioni 6 na 7 kwa kiwango cha ubadilishaji cha wakati ule. Gawa kwa wakazi wote wa mkoa: kila mtu anapata kama shilingi 2,300. Kwa mwaka mzima. Ongeza fedha za uwajibikaji kwa jamii, ambazo tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya 2017 lazima mpango wake ukubaliwe na halmashauri, na ambazo kwa Geita zimekuwa zikitajwa kwa shilingi bilioni tisa au kumi hivi kwa mwaka. Bado hujafika shilingi 6,000 kwa kichwa. Hata ukiuzidisha ushuru wa huduma mara kumi, jambo ambalo hakuna mgodi utakaolikubali, ushuru huo utampa mtu mmoja kwa mwaka mzima chini ya nusu ya kile kinachomweka mtu mzima kwenye mstari wa umaskini kwa mwezi mmoja.

Fedha kubwa ya mgodi haiko halmashauri. Iko kwenye mrabaha wa asilimia 6, ada ya ukaguzi ya asilimia 1 na kodi ya mapato, na yote hayo yanakwenda Hazina. Unaweza kudai sehemu ya mrabaha irudi mkoani, na ni dai la haki kabisa kulijadili. Lakini madini ni mali ya taifa, na mkulima wa Rukwa, ambaye ni maskini kuliko yule wa Geita na hana mwamba wowote shambani, ana haki ya kuuliza kwa nini aachwe nje. Sina jibu litakalomridhisha.

Hii haina maana kwamba bilioni saba ni kitu kidogo kwa halmashauri. Ni fedha nyingi: ni vyumba vya madarasa, zahanati, matundu ya vyoo, madawati. Sekondari ya wasichana ya Nyankumbu ilijengwa kwa fedha za mgodi, na mradi wa maji wa mji wa Geita mgodi una mkono wake. Vitu hivi vinabadilisha maisha, ila havionekani vizuri kwenye kipimo cha umaskini kinachohesabu unga, mafuta ya kula, sabuni na nauli. Binti anayesoma Nyankumbu leo hataipandisha kaya yao kwenye utafiti wa leo. Na kuna jambo la mipaka ambalo ni la kipuuzi kidogo: ushuru wa huduma unaishia kwenye halmashauri ambazo mgodi uko ndani yake. Chato, Bukombe, Mbogwe na Nyang'hwale zinaitwa "mkoa wa dhahabu" kwa jina la mkoa, lakini ushuru wa mgodi ule mkubwa hauvuki mpaka kwenda kwao. Mtu wa Mbogwe anapolalamika kwamba mgodi wa Geita haujamsaidia, anasema kweli kwa sababu ambayo pengine hata yeye haifahamu.

Sasa upande wa pili, wa wanaosema hali ni nzuri kuliko takwimu zinavyoonyesha. Hoja yao yenye nguvu kuliko zote ni sensa. Mwaka 2012, mkoa ulipokuwa ndio kwanza umetangazwa, Geita ilikuwa na watu 1,739,530. Mwaka 2022 walikuwa 2,977,608. Hilo ni ongezeko la zaidi ya asilimia 5 kwa mwaka, wakati taifa lilikuwa linakua kwa asilimia 3.2. Sehemu ni uzazi, maana Kanda ya Ziwa haina mchezo kwenye hilo, lakini uzazi peke yake haukufikishi huko. Watu wanahamia. Wanatoka Simiyu, Shinyanga, Kigoma, Kagera, Tabora, na wengi wanakuja na begi moja. Mtu hahami shamba la baba yake kwenda mahali pabaya zaidi, angalau si kwa wingi huo na si kwa miaka kumi mfululizo.

Na hapa kipimo chenyewe kinaanza kutudanganya. Mkoa unaopokea maskini kila siku utaonekana maskini kila siku, hata kama kila aliyefika mwaka jana ameshapiga hatua. Kijana aliyekuwa hana kitu kabisa Bariadi, akafika machimbo ya Nyarugusu mkoani Geita akapata sehemu ya mifuko ya mawe, akatuma fedha nyumbani kwa simu, ameinua kaya ya Simiyu kwenye takwimu. Geita inabaki na mtu anayelala chumba kimoja na wenzake watano, anayekula kwa mama lishe, na ambaye karani wa utafiti akimkuta wiki ambayo duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, halijatoa kitu atamwandika fukara. Angekuja wiki mbili baadaye angemkuta na pikipiki mpya. Kipato cha uchimbaji mdogo hakiendi kwa mwezi, kinakwenda kwa mwamba, na dodoso la kaya limetengenezwa kwa ajili ya mtu wa mshahara au mtu wa mavuno.

Kwa hiyo nakubali kwamba takwimu ya 2017/18 inaipunja Geita kwa kiasi fulani. Sikubali kwamba inaipunja kiasi cha kutufanya tuitupe. Walio wengi mkoani bado ni wakulima: mahindi, mihogo, mpunga, pamba, mananasi ambayo ni matamu kuliko sifa zake. Kaya ni kubwa kuliko wastani wa taifa, shamba linagawanywa kila kizazi, pamba bei yake inapanda na kushuka bila kumshauri mtu. Umaskini wa Geita kwa sehemu kubwa ni umaskini wa jembe la mkono uliokaa jirani na dhahabu, na ungekuwepo hata kama chini kungekuwa na udongo mtupu. Ukilinganisha Geita na Simiyu, ambako hakuna mgodi mkubwa na umaskini ni uleule au zaidi, unaona kwamba mgodi haukuuleta umaskini huu. Unaona pia kwamba miaka karibu ishirini ya mgodi haikuuondoa. Kila upande hupenda kunukuu nusu yake tu ya ulinganisho huo.

Fedha ya dhahabu inayoingia jikoni kweli, ile inayonunua mabati na kulipa mahari, ni ya wachimbaji wadogo. Hili serikali ilichelewa kulikubali, kisha ikalikubali kwa kishindo. Mapema mwaka 2019, baada ya mkutano wa Rais Magufuli na wachimbaji, ziliondolewa VAT ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 kwa wachimbaji wadogo, na Machi mwaka huohuo soko la dhahabu la Geita likafunguliwa, la mwanzo katika mlolongo wa masoko ya madini nchini. Dhahabu ambayo zamani ilivuka mpaka kwenye soksi ikaanza kupimwa kwa mizani ya serikali. Siku hizi wizara inasema wachimbaji wadogo wanachangia karibu asilimia 40 ya maduhuli, yaani makusanyo ya serikali, kutoka sekta hiyo. Bei nayo imefanya yake: wakia ilivuka dola 3,000 Machi 2025 na dola 4,000 Oktoba mwaka huohuo. Kwa bei hizo hata mwamba uliokuwa unatupwa sasa unalipa.

Wanaosifu huishia hapo, kwenye asilimia 40, kana kwamba maduhuli ya serikali ni kipato cha kaya. Mizani ya soko inapima gramu na kumuandika aliyeileta. Haimuandiki aliyechimba. Na kati ya hao wawili kuna ngazi ndefu.

Juu kabisa kuna mwenye leseni ndogo ya uchimbaji, PML kama wanavyoiita wote, ambayo kisheria hutolewa kwa Mtanzania tu, kwa miaka saba. Mara nyingi hachimbi. Anaruhusu wenye maduara wachimbe ndani ya eneo lake, na mgao wake kwa kawaida huwa karibu theluthi ya mifuko. Chini yake kuna mwenye duara, anayegharimia matimba (magogo ya kuegemeza kuta za duara), baruti, pampu ya maji, chakula cha vijana kwa wiki au miezi kabla mwamba haujaonekana. Huyu ndiye anayebeba hatari ya fedha. Wenye maduara waliofilisika ni wengi kuliko waliotajirika, na ni makosa kuwaita wanyonyaji wote kwa jumla. Kisha wanakuja wachimbaji wenyewe, ambao hawana mshahara. Wanakula kwa mwenye duara na kusubiri mgao. Mgao ukipatikana, fungu lao linagawanywa kwa idadi yao, na kila mmoja anabeba mifuko yake kwenda kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe.

Karashani analipa kusaga. Kwenye mwalo, mahali pa kuoshea mawe yaliyosagwa, analipa kuosha, kwa maji na kwa zebaki. Na hapa kuna kitu ambacho mtu wa nje huwa haelewi mpaka aelezwe mara mbili. Kuosha kwa zebaki mara nyingi hutoa chini ya nusu ya dhahabu iliyomo kwenye mawe. Iliyobaki inakaa kwenye mchanga uliooshwa, yaani marudio. Kwa desturi ya maeneo mengi marudio ni ya mwenye mwalo, siyo ya aliyeyaleta mawe. Mwenye mwalo anayarundika, yakitosha anayapeleka kwenye mtambo wa sianidi, kisha elusheni, hatua ya kuitoa dhahabu kwenye mkaa ulioinasa, na huko inatoka ile dhahabu kubwa. Mchimbaji ameshaondoka zamani na vigramu vyake, akiwa ameshika zebaki kwa mikono mitupu na kuivuta moshi wake wakati wa kuchoma. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020 kuhusu zebaki hiyo, na tangu hapo semina zimekuwa nyingi, zote kuhusu afya. Kuhusu nani mwenye marudio, ambalo ni suala la fedha, ni nadra kusikia semina.

Ningekuwa na uwezo wa kuchagua jambo moja la kubadilisha kipato cha kaya za Geita, ningeshughulika na hili kabla ya kugusa ushuru wa mgodi. Vituo vya mfano vya STAMICO, Shirika la Madini la Taifa, kama Lwamgasa na Katente, vilijengwa kuonyesha kwamba mchimbaji mdogo anaweza kuchenjua bila zebaki na kupata zaidi. Wazo ni zuri. Lakini kituo kimoja kwa wilaya nzima, wakati mchimbaji amekula kwa mkopo na anahitaji fedha leo jioni, hakiwezi kushindana na mwalo ulio hatua mia mbili kutoka duarani unaolipa papo hapo. Kinachomfunga ni deni. Mafunzo anayo, na hesabu ya hasara yake anaijua kuliko mwalimu wa semina.

Kuna na makato. Dhahabu ikifika sokoni, kwa viwango vya kawaida, inakatwa mrabaha asilimia 6, ukaguzi asilimia 1 na ushuru wa huduma asilimia 0.3, yote kwenye thamani ghafi. Viwango ni vilevile kwa kampuni inayochimba wakia laki tano na kwa kikundi cha vijana wanane kilichokaa miezi mitatu chini ya ardhi kwa mkopo wa unga. Usawa wa namna hiyo una mantiki kwa mkusanya mapato. Mwenye duara hulihesabu kato hilo mapema, na humshukia aliye chini kabisa kwenye ngazi.

Wanawake nimewaacha mpaka sasa kwa sababu ndivyo mgao unavyowaacha. Miiko ya kuwazuia kushuka duarani inalegea polepole, na wapo wanawake wenye leseni na maduara yao. Walio wengi wanaponda mawe, wanaokota mabaki, wanachota maji, wanapika. Mama lishe wa machimboni pengine ndiye mwenye kipato cha uhakika kuliko wote pale, kwa sababu anauza kila siku, ila naye anauza kwa daftari, na duara likifa daftari linakufa nalo. Hata hivyo ukitaka kujua kama fedha ya dhahabu imefika kwa mtoto, fuatilia ya mama. Mchimbaji akipata huinunulia kwanza pikipiki au kiwanja, au huimaliza kwenye vyumba vya wageni vya Katoro. Mama anayepika hununua daftari, sare, mahindi ya kuweka ndani. Sisemi wanaume wote ni hivyo. Nasema fedha inayokuja kwa mkupuo hutumika kwa mkupuo, na inayokuja kidogo kidogo hukaa.

Uhatari nao ni sehemu ya hesabu ya kaya. Januari 2017 watu 15 walifukiwa chini ya ardhi huko Nyarugusu, wakaokolewa wote baada ya siku kadhaa, na nchi nzima ilifuatilia. Maduara yanayoanguka bila kamera ni mengine. Kaya iliyompoteza mchimbaji haina bima wala mafao. Inapata rambirambi na usafiri wa mwili. Mfanyakazi wa mgodi mkubwa ana mkataba, hifadhi ya jamii na fidia. Kwa kila shilingi inayoingia nyumbani, ya mgodini ni salama zaidi na ya duarani imefika kwa wengi zaidi. Sioni namna ya kuzipima hizo mbili kwa mizani moja.

Wapo wanaosema suluhisho ni kuvunja mgodi mkubwa na kuwagawia wananchi maeneo. Mwaka 2016 serikali iliagiza wananchi wapewe magwangala, yaani mawe ya mabaki ya mgodi, na furaha ilikuwa kubwa kuliko dhahabu iliyokuwemo. GGML sasa inachimba sana chini ya ardhi, Star and Comet, Nyankanga, Geita Hill, kwenye kina ambacho duara la matimba halifiki. Maeneo ya juu juu, hasa leseni za utafiti zilizolala miaka bila kazi, hayo ni mjadala tofauti, na kuyarudisha kwa wachimbaji wadogo naunga mkono. Ila tukiyarudisha na kuyagawa kwa PML zilezile, kwa watu walewale wenye uwezo wa kuwahi ofisi ya madini, tutakuwa tumeongeza idadi ya wenye leseni wasiochimba.

Na migodi hufa. Nzega ilikuwa na Golden Pride, mgodi wa kwanza mkubwa wa zama hizi, uliofanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi 2013. Ulipofungwa, sehemu ya majengo ikawa chuo cha madini, na Nzega ikarudi kuwa mji wa njia panda na pamba. Kahama nayo ilikuwa na Buzwagi, uliofungwa mwaka 2021, na Kahama haikuyumba kwa kiasi kile. Tofauti haikuwa ukubwa wa ushuru. Kahama ilishakuwa mji wa biashara: mpunga, malori ya Rwanda na Burundi, bandari kavu ya Isaka jirani, na mamia ya maduara ya wachimbaji wadogo pembeni yake. Fedha ilikuwa na mahali pa kuzunguka kabla mgodi haujaondoka. Katoro inaelekea kuwa hivyo. Geita mjini, inayotegemea mishahara na zabuni za mgodi kuliko inavyokiri, sina hakika nayo kama nilivyo na hakika na Katoro.

Kwa hiyo nikiulizwa niko upande gani, wanaolalamika wana haki kuhusu ardhi, kuhusu miaka ya dola 200,000, na kuhusu mipaka ya ushuru inayoiacha Mbogwe nje. Wanakosea kuamini kwamba umaskini wa kaya utaondolewa na hundi kubwa zaidi kutoka mgodini. Wanaosifu wana haki kuhusu uhamiaji na kuhusu wachimbaji wadogo. Wanakosea kuhesabu maduhuli badala ya kuhesabu watu. Ninachotamani kwenye utafiti ujao wa kaya ni dodoso litakalomuuliza mchimbaji mambo matatu: alilala na deni la nani, marudio yake yalibaki kwa nani, na fedha aliituma mkoa gani. Si ghali kuyaongeza. Na kwenye kanuni za uchenjuaji ningetaka iandikwe kwamba aliyeleta mawe ana fungu kwenye kinachotoka elusheni. Kupita kwake kutakuwa kazi, maana wenye mialo na wenye leseni ndio wanaoitwa kwenye vikao vya kuwasikiliza wachimbaji wadogo, na kijana anayesubiri mgao siku hiyo huwa yuko chini ya ardhi.